Chungu cha Kwanza cha Nekesa

Jumatano

Nekesa, huna haya wewe! Kwetu msichana akifinyanga chungu chake cha kwanza anampelekea nyanya yake. Wewe umempelekea huyo msichana wa kupaka rangi.

Kwenye hii kambi ya likizo ya watoto kanisani, mimi ndiye nafundisha udongo, Mwalimu Sharon anafundisha kupaka rangi. Leo chungu cha Nekesa, mjukuu wangu, kimetoka motoni, kimeiva vizuri. Nikanyoosha mikono. Akanipita.

"Ticha, hiki ni chako!"

"Woi, asante mrembo!"

Sharon akakipaka maua ya njano. Watoto wangu wote wakaacha udongo wakakimbilia huko.

Mama mpishi akaniuliza, "Kukhu, nyanya yetu, mbona macho mekundu?"

"Ni moshi."

Moshi gani, na moto ulishazima.

Kusema ukweli kilipendeza. Hiyo ndiyo inaniuma. Naogopa kambi ikiisha huyu mtoto hatataka tena kukaa na mimi, atasema udongo ni wa wazee, halafu...

Sharon ni mgeni, hajui. Lakini wewe Nekesa nilikuambia. Kesho ukimaliza uji, njoo ukae kando yangu ufinyange kingine. Na hicho uniletee mimi, kwa mikono miwili.