Gari nyekundu ya Tata Gracien

Gael, natoka kwa Tata Gracien sasa hivi. Ile gari ya sport sinunui.

Kilometa nyingi hazikunitisha, unajua mota naitengenezaka mwenyewe. Lakini nyuma imelala chini. Nikainua tapi, zulia ya ndani: mchanga mweusi wa kobalti, na chuma imepasuka.

"Tata, hii ni nini?"

"Vumbi ya Kolwezi, mutoto wangu. Hata mu Biblia yangu iko."

Vumbi. Vumbi inapasua chuma?

Ndipo akacheka: "Nilibebaka mifuko ya kobalti ya magendo toka migodi ya Kasulo. Polisi haisimamishake gari ya sport. Wewe pandisha bibi yako siku ya ndoa, kisha uuzie mutu wa Likasi. Hatajua."

Shemasi wetu, Gael. Parrain, msimamizi wa ndoa yangu na Blandine.

Gari ningeweza kuitengeneza. Kesho natafuta parrain mwingine.