Tiketi Inasema Alhamisi Ijayo

Doha, Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Pole kwa kulia, na pole kwa kuwapikia watu wote hao huku ukilia. Umekula leo? Mguu umepunguza kuvimba? Mimi mwili ni mzima, lakini usiniulize juu ya moyo. Nimeandika kwa kalamu nikapiga picha, dada yangu Akoth akusomee polepole, kwa sababu kwa simu tunalia wote wawili, halafu Baba Mdogo anachukua simu na kuanza kuhutubia.

Mama, wamenivuruga. Nilikuwa na tiketi ya kufika Ijumaa hii, Baba azikwe Jumamosi. Mkubwa wangu kazini aliniruhusu. Halafu Baba Mkubwa wa Migori naye akafariki, na Baba Mdogo akanipigia mbio mbio: "Ouma, usikuje sasa. Mkubwa hawezi lala mochari na mdogo ameshazikwa. Mazishi ya mzee wako tumesukuma wiki moja." Ungefanya nini? Mimi niliye kifungua mimba nibishane na mila kwenye simu? Niliingia kwenye tovuti ya ndege saa hiyo hiyo, nikaweka namba ya tiketi na jina langu, nikabadilisha siku ikawa Alhamisi ya wiki ijayo. Hata nilijisifu kwamba nimefanya haraka.

Leo Baba Mdogo amenipigia tena, sauti imechangamka kama ya mtu mwenye habari njema. Kumbe watu wa kanisa la Baba Mkubwa hawakeshi na maiti, wameshamzika asubuhi. "Kwa hivyo njia iko wazi. Mzee wako tunazika Jumamosi hii vile tulikuwa tumepanga. Wewe rudisha tu hiyo tiketi."

Rudisha tu! Nimerudi kwenye ile tovuti na pale pa kubadilisha safari pamefifia, ukibonyeza hapaitiki. Tiketi ya aina yangu, ile ya bei ya chini, inabadilishwa mara moja pekee. Nimewaandikia, nikajibiwa na mashine inayonishukuru kwa uvumilivu wangu. Nimepiga simu nikasikiliza muziki mpaka sikio likauma. Msichana aliyepokea alikuwa mpole. Alisema ninaweza kughairi, ila pesa zitarudi baada ya wiki nyingi, na bila pesa hizo siwezi kukata tiketi nyingine. Nilimwambia ni baba yangu. Akasema pole, akaniuliza kama kuna jambo lingine angenisaidia.

Odhiambo wa Mbita, tunayelala naye chumba kimoja, amejaribu kwa simu yake pia. "Omera, ndugu yangu, hii kitu imekataa kabisa," akasema, akakaa kando yangu.

Mama, mimi ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Nikifika nikute kaburi limeshapigwa simiti, nitamwambia nini Baba? Kwamba nilitii wazee? Sina nguvu ya kubeba mzigo huo. Naomba wiki moja tu, ile ile waliyonipa wao wenyewe. Najua vyakula vimenunuliwa, na najua Baba Mdogo ameshatangazia Rangwe nzima. Atangaze tena, si anapenda maikrofoni.

Nisalimie Akoth anayekusomea, na shemeji yangu anayelinda ng'ombe wakati huu wa wageni. Shangazi wa Oyugis mwambie nimesikia alivyomlilia kaka yake, na ninamshukuru.

Sasa Akoth, soma hapa kwa sauti ya chini. Mama, Ijumaa asubuhi watakuja na gari mwende mochari ya Homa Bay kumchukua. Hawawezi kumtoa bila mjane wake. Watakuita, watakubembeleza, Baba Mdogo atapiga kelele. Usipande gari hilo, Mama. Kaa chini nyumbani kwako, usipande.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Ouma