Nilibonyeza Z, Nikaenda Kunywa

Alhamisi, Marangu. Leo mvua kubwa, na mimi nimekasirika.

Jua halijazama na tayari kila mtu huku anaihadithia vibaya habari yangu. Eti mzee ameua kompyuta. Eti amefuta nyimbo za marehemu. Waongo! Nisikilizeni mimi niliyekuwepo, na kwa kusimulia hakuna wa kunishinda kuanzia hapa mpaka Himo.

Binti yangu Ndeshi ni fundi wa kompyuta, yuko Dar. Aliniachia mashine yake ya zamani, ile ya kioo cheusi, haina mapicha, unaiandikia amri tu. Darasani sikukaa, lakini nimebebea wageni mizigo mpaka juu mlimani. Kioo kinitishe mimi?

Kazi ya leo ilikuwa moja. Nyimbo za kwaya za zamani zimo ndani ya mashine, zigeuzwe ziingie kwenye flashi. Humo kuna sauti ya Ndeanka, mdogo wake mke wangu. Kesho asubuhi ni kumbukumbu yake kanisani, na Mama Ndeshi hajaisikia sauti ile tangu tumzike.

Asubuhi nikaandika amri, kazi ikaanza. Ikanikalia kioo chote, sina pa kuandika mambo yangu. Nikampigia Ndeshi.

"Baba, bonyeza Control na Z, halafu..."

"Najua, najua!" Nikakata simu.

Nikabonyeza. Kioo kikarudi kwangu. Nikajua kazi imehamia nyuma, inajiendea kimya kimya.

Nikaenda kilabuni.

Mbege ilikuwa imekubali. Nikawatambia: "Nyie mkinywa, kazi zenu zimelala. Yangu inajifanya yenyewe nyumbani!"

Jirani yangu Elirehema akacheka. "Mzee, hata ng'ombe wako hajikamui."

Wivu huo. Halafu mvua ikanifungia, ningefanyaje?

Narudi, namkuta Mama Ndeshi amekaa mbele ya kioo, anasubiri. Flashi tupu. Nikampigia fundi wangu.

"Shikamoo baba. Uliandika bg?"

"Marahaba. Bg ndiyo nani?"

"Baba jamani! Z inaisimamisha tu. Bg ndiyo inaiambia iendelee kule nyuma. Andika jobs uone."

Nikaandika. Kweli ipo, imeandikwa Stopped. Imesimama tangu asubuhi.

Mama Ndeshi akaniangalia. "Baba Ndeshi, umeepua chungu cha mtori, ukakiweka chini, ukaenda kunywa. Sasa unauliza kama umeiva?"

Maneno hayo ningeyavumilia. Lakini hakucheka.

Nikaandika bg. Ikaamka, ikaendelea palepale ilipoachia. Kwa hiyo sikufuta kitu, mmesikia? Ndeshi akaonya nisifunge lile dirisha, itakufa kweli. Mama Ndeshi akataka aione kwa macho, nikaandika fg, ikarudi mbele. Sasa imekaa hapo na hakuna wa kuigusa. Ndiyo maana haya naandika kwa simu.

Wimbo wa kwanza umeshatoka. Wa Ndeanka bado. Mama Ndeshi amesogeza kiti karibu na kioo kama anaota moto. Wimbo huo utawahi kanisa kesho?

Sijui. Na leo siwezi kujisifu kwamba najua.

Haya, na ile mvua. Hata tone halikudondoka. Mbege ilikuwa tamu, basi. Mama Ndeshi anajua. Kanga zake zimeshinda kwenye kamba na zimekauka.