Mkanda Wangu Ulipotelea Vitani

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeswali, nimekunywa chai kavu, nimenoa sururu. Kuanzia Garsen mpaka Bangale hakuna mchimbaji asiyenijua. Jasi ya huku, hili jiwe jeupe la kutengenezea simiti, niliigundua mimi, kwa kunusa tu. Wataalamu na mashine zao walikuja nyuma yangu. Wenzangu wananiita Chemani. Kura haikupigwa. Ya nini?

Leo nimechimba na Hiribae, mtoto wa dada yangu. Shimo lake limefika kwenye jiwe safi, linang'aa kama sukari. Amechimba mwaka mzima kulifikia. Shimo hilo ndilo litakalomwoza mke.

Mchana watu wa kampuni wamepanda bikoni za zege, alama zao za mpaka, katikati ya mashimo yetu. Eti wana leseni ya utafiti kutoka Nairobi. Hatukuulizwa. Mimi sikuulizwa!

Jumanne, 5 Agosti
Tumeng'oa bikoni. Mimi peke yangu nimeng'oa tisa. Haya, nne. Hiribae alishika upande wa pili.

Jioni walinzi wa kampuni wakaja na marungu. Wakamkuta Guyo, mfugaji mwenye malisho haya, rafiki yangu. Guyo hata hachimbi. Alikuwa anatafuta ndama. Wakampiga mpaka meno ya mbele yakatoka. "Panya wa mashimo," wanatuita. Nimeyaokota meno yake kwenye vumbi. Nina hasira ya kuua mtu.

Alhamisi, 7 Agosti
Tingatinga limefukia mashimo ya upande wa barabara. Moja lilikuwa na mtu ndani. Tulimfukua kwa kucha, mdomo umejaa udongo. Anapumua. Dereva alikuwa anatutazama, anavuta sigara.

Kesho wanakuja upande wetu. Shimo la Hiribae ndilo la kwanza.

Tumekutana kwa Guyo. Nikasema nitasimama mbele. Hiribae akasema hapana, shimo ni lake, mbele ni pake. Basi nikamwambia: simama, usirudi hata hatua, mimi niko nyuma yako. "Sawa, mjomba." Ndilo jibu lake tu.

Guyo akaleta maziwa ya ngamia. Akanicheka na pengo lake: "Mzee Komora, onja kidogo tu. Nyinyi watu wa mto, tumbo lenu ni la samaki na ndizi." Naambiwa mimi hivyo, mbele ya watu? Nikamaliza kibuyu. Nikaomba kingine.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumeshinda.

Walikuja asubuhi, tingatinga mbele, walinzi nyuma, bunduki juu. Mawe, marungu, sururu. Mlinzi mmoja alikula sururu ya bega, mfupa ukaonekana. Mwenzetu kapigwa risasi ya paja, damu inaruka kama bomba limepasuka. Watu wetu wakaanza kuzidiwa. Hapo ndipo nikachomoka kwenye kichaka cha mswaki, nyuma kabisa ya walinzi, nanguruma kama simba. Wakadhani tumewazunguka. Wakatupa marungu, wakatimua mbio. Vijana wamelichoma tingatinga. Wamenibeba juu juu. Hata mkanda wangu ulipotelea vitani.

Hiribae amepigwa rungu la jicho. Hakurudi hata hatua.

Jumamosi, 9 Agosti
Hospitali, Hola. Jicho la kushoto limetolewa. Hapakuwa na la kuokoa.

Dada amefika kutoka Garsen. Sikujua nitazame wapi. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumkinga mwanawe. Amenipikia wali. Nimewagawia wagonjwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Polisi wamefunga machimbo. Kampuni haiingii, sisi hatuingii. Shimo la Hiribae liko wazi, mbuzi wa Guyo wanalichungulia.

Hiribae ameweza kukaa kitandani. Anawasimulia wagonjwa wenzake. Anasema katikati ya vita aligeuka kunitafuta, hakuniona. Akajua mjomba amewazunguka maadui. Akatulia, akasimama imara. Alipokuwa amegeuka vile ndipo rungu likampata.

Wagonjwa wakanisifu. Mmoja akaniuliza, Chemani, ulipataje akili ile? Nikachukua jagi. Mimi, nikaenda kuchota maji.

Niandike hapa, kusema siwezi. Yale maziwa yaliamka asubuhi ile ya vita. Tingatinga likinguruma, tumbo nalo linanguruma. Nikasema nitoke kidogo, nitarudi kabla hawajafika. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye kile kichaka cha mswaki vita vilipoanza. Nilisikia kila kitu. Tumbo halikukubali kunyanyuka. Halafu risasi ikakata tawi juu ya kichwa changu, nikakurupuka napiga mayowe, nimeshika suruali, nikakosea upande.

Mkanda bado unaning'inia pale kichakani.

Wenzangu walikuwa wanapigania machimbo. Mimi nilikuwa nachimba dawa.