Nilivyolipogoa Tawi la Kandida

Jumapili. Manyunyu yalianza tulipotoka misa ya kwanza na mpaka sasa, saa tisa alasiri, hayajakatika. Nguo nilizofua jana zimetundikwa kwenye viti vya sebuleni, nami nimekaa katikati yake na laptopu ambayo sina hamu nayo.

Moyo unaniuma. Niandike hivyo hivyo, nisizunguke.

Kwa msiofahamu: tuko wanne, tunaandika kijitabu cha chakula cha watoto wadogo, cha kuwasaidia akina mama wa vijijini kutumia vile vilivyomo shambani kwao. Wawili wako Dar, mimi niko hapa Songea mjini, Kandida yuko kijijini Mpitimbi. Hatujawahi kukaa wote chumba kimoja. Tunakutana kwenye ramani ya mawazo, ubao wa mtandaoni ambao jina la kitabu linakaa katikati na kila mmoja anachomoza matawi yake kwa rangi yake. Rangi yangu ni bluu. Ya Kandida ni kijani.

Kandida si mwenzangu wa kazi tu. Miaka minne ya sekondari tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye timu, nikijisifu kwamba namfahamu mtu anayejua kuzungumza na watu.

Tuna sheria: tawi lisiloguswa kwa wiki mbili linapogolewa, ramani isije ikawa kichaka. Sheria hiyo niliitunga mimi. Wa Dar waliipenda. Kandida hakusema kitu, na mimi sikumngoja aseme.

Tawi lake, la akina mama wa kijijini aliopaswa kuwahoji, lilikuwa na majina matupu. Mama Agatha, Mama Osmunda, Mama Salima na wengine watatu, kila mmoja kwenye kiduara chake, chini hakuna neno. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Jumatano nikayafuta yote, nikapanua matawi yangu pale pale, kisha nikaandika kwenye grupu: "Yaliyolala nimeyapogoa." Nikaweka na kikatuni cha kucheka. Wa Dar wakanipa dole gumba.

Sikumpigia simu.

Jana mchana akabisha hodi. Viatu vimejaa tope, mkononi daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Akamwamkia mama shikamoo, akakaa, akapokea chai.

"Nimemaliza watano, Wini," akasema. "Nipe laptopu niingize, kule kwetu mtandao unanizungusha."

Nikampa. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nilimwona anasogeza ramani kushoto, anaisogeza kulia, anaikuza, anaipunguza, kama mtu anayetafuta nyumba kwenye mtaa ambao anaufahamu.

"La kwangu liko wapi?"

"Nilidhani umeacha."

Akanifungulia daftari. Kurasa kwa kurasa, mwandiko wake ule ule wa bwenini, na alama za vidole vyenye udongo pembeni. Alichopika Mama Osmunda, alichokataa mtoto, karanga zilipoisha wakafanyaje.

"Huu ni wakati wa palizi," akasema taratibu. "Utamsimamia mtu shambani kwake, mikono mitupu, umuulize mwanaye amekula nini? Unashika jembe kwanza. Kwa huyu siku tatu, kwa yule siku nne. Amebaki Mama Agatha, naanza kwake Jumatatu."

Akamaliza chai yake, akalifunga daftari kwenye mfuko, akamuaga mama, akaondoka. Hakugomba hata kidogo. Mama akaniuliza mbona mwenzangu ameondoka hajala, nikasema ana haraka.

Sasa niseme ambalo jana lilinishinda. Mwezi uliopita kiongozi wetu, mmoja wa wale wa Dar, aliandika kwamba tawi la kijani ndilo litakalokibeba kitabu. Nilijibu kwa kopa jekundu. Lakini neno lile lilinichoma, maana bluu ndiyo iliyokuwa imejaa ramani nzima na hakuna aliyeitaja. Nilijua simu ya Kandida hupatikana vizuri zaidi jioni akipanda mlimani karibu na shule. Nilijua mpaka saa.

Sikuwa nasafisha ramani. Nilikuwa namwonea wivu rafiki yangu.

Leo baada ya misa nimeyarudisha. Ubao ule unatunza kila kilichofutwa. Unarudi nyuma hadi siku unayoitaka, unabonyeza, basi. Majina sita yakarudi mahali pake, ya kijani vile vile. Nikafurahi, mjinga mimi. Kisha nikatazama orodha ya wanatimu.

Tuko watatu.

Alijitoa jana saa kumi. Saa hizo lazima alikuwa stendi, akisubiri gari la kumrudisha. Nimempigia mara tatu, simu inaita mpaka inakata. Kwenye grupu hakuna aliyeuliza.

Kesho nitapanda gari la kwanza la Mpitimbi. Laptopu itabaki hapa. Shamba la Mama Agatha silijui, nitauliza nikifika. Nimemwomba mama jembe lake, akanitazama na kuniuliza tangu lini mimi napalilia, tena kwenye tope hili. Amelitoa uani na kuliegemeza mlangoni.

Najua Kandida anaweza asinitazame. Nitashika mstari wa pembeni, nisimsogelee. Siku tatu, labda nne.

Na tukifika mwisho wa shamba hajanisemesha, je?