Pumzi Mwishoni mwa Mstari

Woolwich, London

Mdogo wangu Eliwaza,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Baridi ya Usangi bado inakuamsha alfajiri? Mimi nipo, ila moyo umechoka. Leo nimeketi, nimesimama, nimeketi tena kabla ya kupata mstari huu. Uvumilie mwandiko.

Juzi ulimpigia mwanangu Upendo ukamwambia, "Unamng'ang'ania mama yako mpaka tuletewe sanduku la maiti?" Alilia jikoni. Eliwaza, Upendo hana kosa. Ameshakata tiketi mara mbili, na mara zote mbili nimeahirisha mimi. Nilikuambia daktari amenikataza kupanda ndege. Kweli ni kwamba daktari alisema nisafiri mapema, nikiwa bado na nguvu. Upendo alijua, akabeba lawama zako kimya.

Kilichonizuia ni muziki. Cheka tu.

Tuko watatu, tunakutana mtaa wa Tooting kwa Bwana Kanti, Mhindi mzaliwa wa Tanga, mpiga fidla. Ruth, mama wa Kiingereza, anapiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Mimi piano. Tunajifunza utungo wa mama mmoja Mjerumani wa karne ya kumi na tisa, ambaye hata hapa wapigaji wengi hawamjui. Sehemu ya pili inakwenda polepole: piano inauliza, fidla inakaribia kujibu, kisha inaghairi. Tangu niisikie situlii. Hata nikimenya viazi, vidole vinatafuta nota mezani.

Lakini nilikuwa naharibu. Kila mwisho wa mstari nasita. Siku moja Bwana Kanti akashusha fidla.

"Mwalimu, unamngoja nani?"

"Washarika wa kanisa letu," nikamjibu. "Lazima wavute pumzi."

"Washarika wako Upareni, bibi! Hapa tuko watatu, na mimi pumzi ninayo tele."

Unakumbuka nilivyopiga kinanda kanisani kwetu tangu usichana, na bibi zetu walivyoburuta kila mstari wa wimbo. Ukiwakimbiza, wanakuacha uende peke yako. Nilijaribu kuyaacha mazoea hayo, nikashindwa, nikasema sirudi tena Tooting. Wiki iliyopita nikarudi. Mwisho wa mstari nikasita, nikasubiri kukemewa. Ruth ameinua upinde wa selo, Kanti amefumba macho, wananingoja. Tukaingia pamoja.

"Haya, nimevuta pumzi," Kanti akasema. "Twende."

Jumamosi tutaupiga utungo huo mbele ya watu, katika ukumbi wa kanisa hapa Woolwich. Jumatatu Upendo ananileta nyumbani, na safari hii siahirishi. Moyo usipofika, basi sanduku hilo nimelichagua mimi, kwa akili zangu. Usimnunie mwanangu. Yeye ndiye atakayeipiga picha barua hii aitume kwenye simu ya mumeo, kwa hiyo ameisoma kabla yako, naye anasubiri umpigie. Mpigie leo.

Nisalimie shemeji yangu Elisante, na mama mkwe wako aliyenifundisha kusuka vikapu. Msalimie pia yule binti anayepiga kinanda kanisani siku hizi. Mwambie, siku ya kunizika asiwakimbize watu. Kila mwisho wa mstari, awangoje.

Dada yako,
Namkunda