Jogoo Ulikula, Ushindi Ukakataa

Bakoki yangu Wekesa,

Ni mimi, Barasa wa Kibomet, hapa Kitale. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usifikirie nimeandikiwa. Binti yangu Nekesa alitaka kunisaidia nikamfukuza. Bakoki, mtu niliyetahiriwa naye asubuhi moja pale Bokoli, tukasimama bega kwa bega na hakuna aliyepepesa jicho, nitamwandikia vipi kwa mkono wa mtoto? Darasa la tatu nililoishia linatosha.

Huku Kitale mahindi yamefika kiunoni. Ule ukuta niliojenga hapa kwa jirani, wewe ukasema umepinda, bado umesimama, na haujapinda. Mama Nekesa goti linamsumbua. Kiti chako hakuna anayekikalia. Si ati tumekatazana, ni vile mtu akikisogelea anakumbuka ana kazi jikoni.

Kadi zimefungwa kwa kitambaa juu ya kabati. Hatujazigusa tangu tukuzike.

Nakumbuka Nekesa alipozileta nilizicheka. Mimi ni mtu wa drafti, Kibomet nzima inanijua, nimewapiga mpaka walimu. Sasa naletewa mchezo hauna wa kupigwa! Ati kadi ni za namba moja mpaka mia, kila mtu anashika zake, halafu wote pamoja tunaziweka mezani kuanzia ndogo kwenda kubwa. Mmoja akitanguliza kubwa kabla ya ndogo ya mwenzake, ile nyumba iliyochorwa kwenye karatasi iliyokuja na kadi inahesabiwa imeungua, na tumeshindwa sisi wote. Nikasema huo ni mchezo wa kanisani. Lakini wewe ulipokuja kwetu mwisho wa mwezi ukaupenda, na wewe ukipenda kitu, bana, tunakipenda kwa lazima.

Shida ikawa ile sheria moja. Ulivaa miwani ukaisoma kama uko bado koti ya Bungoma mbele ya hakimu, na ukarani wako: mchezaji asimwambie mwenzake namba aliyoshika.

Basi. Mimi mdomo nikafunga. Lakini nikiwa na kadi ndogo nilikuwa nashika sikio, wewe na Mama Nekesa mnajua mningoje nitangulie. Sikujificha. Nilishika sikio mchana kweupe kama mtu anayeshika kofia yake. Ukaweka kadi zako chini.

"Barasa, umesema."

Nikakuuliza nimesema na nini, mdomo si huu hapa umefungwa? Sheria ilisema nisiambie, haikusema nisijikune. Na tena bakoki hafichi bakoki kitu, hiyo ni sheria ya zamani kuliko karatasi ya Nekesa. Wewe ukatoa miwani. Nilijua ukitoa miwani kesi imekuwa ndefu.

"Miaka yote niliyokaa koti," ukasema, "nimeona shahidi akiulizwa na akajibu kwa kichwa tu. Hakimu anasema andika: ndiyo. Na mimi naandika. Ukimfanya mtu ajue, umemwambia."

Chai ikapoa. Mama Nekesa akatuuliza kama tumekuja kucheza au kugombea kiti cha chifu. Nekesa akasema atawapigia waliotengeneza kadi awaulize maana yao. Nikamkataza. Nitauliza vipi watu wa Nairobi kitu ambacho nakijua?

Na kila mwezi ikawa hivyo hivyo. Ukifika hata mkoba hujaweka chini unaniambia, "Mikono juu ya meza leo." Nami nasema nitaiweka sheria ikitaja mikono. Ukitazama vizuri, tulibishana kuliko tulivyocheza. Hiyo ndiyo inaniuma, Wekesa. Mchezo ulikuwa wa kushinda pamoja, na mimi nikatafuta wa kumpiga, nikakupata wewe.

Halafu ile siku tukashinda. Mara moja tu, kadi zote mezani, nyumba imesimama. Nilitoka nje nikawatangazia majirani. Nikachinja jogoo, yule mwekundu. Ukala mpaka ukanyonya mifupa, halafu ukajipangusa mdomo ukasema: "Jogoo nimekula. Ushindi sili. Ulishika sikio." Ukasema tutarudia mwezi ujao, na mikono juu ya meza.

Mwezi ujao haukutukuta pamoja. Ulianguka shambani Bokoli ukipalilia vitunguu, wakakukimbiza hospitali Bungoma. Nilipofika mkeo akanieleza kwamba upande mmoja umelala na sauti haitoki. Nikaingia na kelele zangu, unanijua. Nikawaambia wagonjwa wote wa pale kwamba huyu ni bakoki yangu, huyu hakulia kisu, ataliaje kitanda. Nikakwambia Jumamosi utakuwa Kibomet na nitakupiga.

Ukanitazama. Ukainua ule mkono uliobaki na nguvu, polepole, kama unainua ndoo. Ukashika sikio.

Unajua nilifanya nini? Nilikukuna. Nikamwambia mkeo, unaona, sikio linamwasha, nikakukuna nikicheka. Ukautoa mkono wangu. Ukashika tena, ukalishikilia, na macho yako hayakuniacha.

Nilijua, Wekesa. Kadi yako ni ndogo, nikungoje, unatangulia. Nilijua, na nikaanza kukueleza bei ya mbolea. Nikaongea mbolea mpaka nikasema mvua itanikuta njiani, nikaondoka. Asubuhi simu ikaja.

Kwenye mazishi nilisimama kama bakoki, nikasema vile tulivyosimama mbele ya ngariba, watu wakapiga makofi. Nilisema vizuri sana, hata mchungaji alikubali. Lakini la sikio sikulisema.

Sasa nimekaa na hii kesi peke yangu. Nimeigeuza huku na huku vile ungeigeuza wewe. Nikisema nilikuwa na haki, kwamba kushika sikio si kusema, basi wewe uliondoka bila kuniaga. Mdomo wako haukutoa neno. Bakoki yangu amekufa na hakuniambia kitu. Hilo silikubali, hata nikiwa mbishi namna gani.

Kwa hivyo nimeshindwa. Andika hivyo huko uliko: Barasa ameshindwa. Ni mara ya kwanza na usizoee. Ukimfanya mtu ajue, umemwambia. Uliniambia. Nilisikia. Kujibu ndiko sikujibu, na hilo halina wa kulirudisha.

Ule ushindi nimeufuta. Majirani nimewaambia mwenyewe, wakacheka, nikawaacha wacheke. Jumamosi mkeo anakuja Kitale kututembelea, na Nekesa atafungua kitambaa. Nakuahidi tutacheza, na mikono yangu itakuwa juu ya meza, vyote viwili viganja, kama mtu amelaza karatasi upepo usiibebe. Tukiunguza nyumba, tuiunguze kwa haki. Tukishinda, jogoo yupo, na paja ni la mkeo.

Lala vizuri, bakoki. Umetangulia na namba yako. Mimi nimeshika yangu, siijui kama ni kubwa au ni ndogo, lakini siku ikifika nitawashikia sikio walio karibu, na nitaomba asitokee mjinga wa kunikuna.

Mimi wako,
Barasa